Mipapai ya Bwana Najua

4 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Barua yako imefika, na kabla sijaimaliza nilikuwa nimeshawatangazia watu wote wa bombani kwamba binti wa dada yangu amepewa bustani nzima aitunze peke yake. Mama yako anasema unaogopa. Unaogopa nini na damu hii? Damu ya ukoo wetu ukiimwaga chini inaota.

Umeuliza kwa nini simu yangu haipatikani. Ilidumbukia kwenye pipa la mbolea ya maji. Nimeitoa, nimeianika, nangoja ichipue. Mpaka hapo tutaandikiana, na mimi barua sizihofii. Shule niliishia darasa la nne, la tano nililiona kupitia dirisha nikipalilia maua ya mwalimu mkuu, lakini mwandiko wangu makarani wanauonea wivu.

Sasa tuongee kazi. Mvua zikikaribia, usikimbilie kupanda. Kwanza lainisha udongo, changanya mboji, funika kwa majani makavu, uuache upumzike wiki mbili. Udongo ni kama mgeni aliyetoka safari, ukimpa kazi siku ileile anakununia. Ukoka wa mbele ukate juu juu, usiunyoe kipara. Mboga za majani weka karibu na mlango wa jikoni, kwa sababu mwenye nyumba akitembea hatua nyingi kufuata mchicha, atanunua sokoni na kusema bustani yako haizai.

Maharage ya kutambaa yape fito mapema. Mwaka mmoja nilichelewa kuyapa fito, na kamba ya kuanikia nguo ilikuwa karibu. Asubuhi nikaanika shati langu la mistari. Mchana nageuka, kambani hakuna shati! Liko juu ya paa, limekumbatiwa na mharage. Nililishusha siku ya tatu, likiwa na maganda mawili mfukoni.

La mwisho ni siri, na sijampa mtu isipokuwa wewe. Mipapai. Watu wanapanda kwa kubahatisha, miezi sita baadaye wanalia, dume tupu. Mimi mpapai naujua ungali mche wa kiganja. Utoe kwenye kiriba, kile kifuko cha udongo, tazama mzizi. Ulionyooka kama msumari, huyo dume, mtupe. Uliogawanyika kama miguu ya suruali, huyo jike, mpande. Sijawahi kukosea tangu nizaliwe.

Niandikie nyumba hiyo ikoje, nikupangie kila kitu nikiwa nimekaa hapa.

Mimi mjomba wako,
Daktari wa Udongo, Bingwa wa Bustani za Karibu na za Mbali


19 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na mikono imeshaota sugu. Nimepewa chumba nyuma ya tangi la maji, kidogo lakini hakivuji.

Nyumba ina geti la bluu na baraza la sakafu nyekundu. Mwenyewe ni mama mmoja mkunga mstaafu, mtaa mzima wanamwita Mama Mkunga. Nusu ya wapita njia amewapokea yeye duniani. Juzi alipita fundi bomba, jitu zima lenye kipara, akamwamkia kwa adabu. Alipoondoka Mama akaniambia, “Huyo alitanguliza miguu. Na mpaka leo hafanyi kitu kwa utaratibu.”

Mbele kuna ukoka uliochakaa na ua wa michongoma uliosahaulika. Nyuma ni kiwanja kitupu. Anataka kila kinachoingia jikoni kwake kitoke kwenye udongo wake, nyanya, bilinganya, mchicha, figili, na majirani watatu wanachungulia juu ya michongoma kuona kama nitaweza, maana na wao wana viwanja vimelala. Lakini Mjomba, kuna fundi wa vitofali vya saruji ameshapima eneo lote alisakafie. Amemwachia Mama kitofali kimoja cha mfano, naye anakitumia kuzuia mlango wa jikoni usijifunge. Kila nikiingia kuchukua maji nakiruka.

Sasa nimefanya jambo, usinigombeze. Nilimuuliza kama nipande mipapai. Akasema, “Mipapai hapana.”

“Kwani hupendi papai, Mama?”

“Napenda mno. Ndiyo sababu.”

Akanieleza kwamba zamani alikuwa na fundi wa bustani, yeye alimpa jina Bwana Najua. Ukimuuliza lolote, anajua. Bwana huyo alimpandia mipapai kumi na miwili, akamwapia yote majike, yeye anawatambua wangali miche. Yote kumi na miwili ikatoka madume! Na Bwana Najua akaondoka siku hiyo bila hata kwaheri. Mama akasema, “Mimi nimezalisha miaka thelathini na moja, sijawahi kumtabiria mama yeyote atapata nini. Yeye alinitabiria kwa mche.”

Nikaona uchungu, nikasema huyo alikuwa tapeli, ila mimi nina mjomba anayejua kweli. Nikamsimulia habari zako, hata lile shati na maharage. Alicheka mpaka akashika mlango. Halafu akanitazama, akasema, “Haya. Mashimo sita, mashimo yote sita yazae. Yakizaa, bustani ni yako na chumba ni chako, na majirani nitawapelekea jina lako mwenyewe. Likikosa hata moja, tunaagana kwa amani na fundi wa vitofali anaanza kazi.” Nikampa mkono.

Mbegu nimeshasia, viriba thelathini. Nithibitishie tu, msumari dume, suruali jike?

Wako,
Chiriku


2 Machi

Mpwa wangu,

Nimefurahi kusikia chumba hakivuji.

Figili zisie kwa mafungu, leo kidogo na wiki ijayo kidogo, zisikomae zote siku moja. Konokono wa mchicha waokote alfajiri, kabla umande haujakauka, na utandaze maganda ya mayai yaliyopondwa kuzunguka tuta. Michongoma iliyosahaulika usiikate yote kwa mkupuo. Kata upande mmoja, ngoja uchipue, kisha wa pili, la sivyo nyumba itakaa uchi mbele za watu.

Kuhusu mipapai, sioni haraka. Panda limau. Limau halina maneno, ni limau tu. Na mama wa watu akikumbushia habari za dau, mwambie ulikuwa mzaha wa kijana, watu wazima husamehe. Kuna miaka mipapai haipendi kupandwa, na huu nauona kama mmojawapo.

Nyumba hiyo siijui. Mtaa huo sijawahi kuukanyaga. Lakini pale chini ya dirisha la jikoni usipige jembe kwa nguvu, bomba limepita juu juu. Na kona ya tangi pana mawe, usipoteze nguvu zako.

Halafu, huyo Bwana Najua, Mama alimsemaje? Alisema ni mwizi? Nauliza kwa ajili ya heshima ya kazi yetu.

Mjomba wako,
Daktari wa Udongo


11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, mvua ilinibana, na mboga zimekuja kwa fujo. Jana Mama alichuma mchicha kwa mikono miwili, akapeleka na kwa jirani kumringishia. Ukoka umefunga sehemu zote isipokuwa kipande cha getini.

Nilivyosoma barua yako nilicheka peke yangu. Limau! Nimeelewa, ulikuwa unanipima uone kama nitatetereka. Sikutetereka. Jana nimetoa miche yote thelathini kwenye viriba, nimeosha mizizi, nimetazama mmoja mmoja. Suruali nilizopata ni sita tu, kama zilihesabiwa! Nimezipanda, kila shimo mche mmoja. Misumari ishirini na minne nimeirudisha kwenye viriba, iko nyuma ya tangi. Jumamosi jirani anayefuga mbuzi atakuja kuichukua, nimemwambia ni madume matupu, hana cha kusubiri.

Lakini bomba ulilijuaje? Nilichimba chini ya dirisha kwa mkono, nikalikuta kiasi cha vidole vinne, pale pale uliposema. Na kona ya tangi mawe kweli. Nilipomwambia Mama kwamba mjomba ameona bomba kutoka alipo, alisema tu, “Mjomba wako ana macho marefu,” akaendelea kumenya kitunguu.

Umeuliza alimsemaje yule fundi. Si mwizi. Aliacha kofia yake na mkasi wake wa kupogolea, vimetundikwa stoo mpaka leo. Mkasi hauna kutu hata chembe. Nilimuuliza Mama kwa nini, akasema huwa anaupaka mafuta kila mvua zikianza. Nikamuuliza sasa wa nini, na mwenyewe hayupo? Akasema, “Kitu cha mtu.”

Nikipata papai la kwanza nitakuletea wewe.

Chiriku


14 Aprili

Chiriku, usiitoe ile miche!

Barua hii nimempa dereva wa lori la mboga mkononi, nimemwapisha asilale nayo. Kama umeisoma umesimama, kwanza nenda nyuma ya tangi, uhesabu kama viriba ishirini na vinne vipo, ndipo urudi uendelee.

Habari hii nimeianza mara tatu. Mara ya kwanza niliandika kwamba nilikuwa na rafiki yangu fundi. Mara ya pili niliandika kwamba kimbunga kilichanganya miche. Kilikuwa kimbunga kizuri, kiling'oa hata mnara. Karatasi zote mbili nimezifukia kwenye mboji. Hii ni ya tatu.

Bwana Najua ni mimi.

Hakuna mtu anayejua mpapai dume kwa mzizi. Mzizi ulionyooka umenyooka tu, na uliogawanyika pengine umekutana na kokoto. Zamani sana mtu aliniuliza, mbele za watu, nikaona vibaya kusema sijui. Maneno ya msumari na suruali yakanitoka. Mara mbili yakaja yakawa kweli, na mimi mara mbili zilinitosha kujenga nyumba nzima juu yake.

Kwa Mama Mkunga niliapa. Alisimama barazani na kikombe chake, akaniuliza, “Una hakika?” Nikamwambia nikikosea hata mmoja nile kofia yangu. Ikaota vizuri, minene, mpaka majirani wanasimama kuitazama. Asubuhi moja nikaona mmoja umetoa vile vikonyo virefu vya dume, vinaning'inia kama hereni. Nikasema, huyu mmoja tu. Kesho yake, watatu. Ndipo nikaanza kuja na kikapu mapema, nachuma maua kabla Mama hajafungua dirisha. Wiki mbili, Chiriku. Mimi, mtu wa kuotesha vitu, nazunguka naficha maua kikapuni. Yeye anafungua dirisha ananiuliza, “Bado?” Namjibu, “Majike hujivuta, Mama.” Siku ulipochanua wa kumi na mbili, nao dume, nilitundika kofia na mkasi stoo, nikatoka getini kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi. Miaka kumi na moja, hiyo chumvi naitafuta.

Sasa fanya hivi, na hili si porojo, waulize mafundi wote. Kila shimo ongeza miche mitatu, ikae minne, uache hatua moja kati yao. Usichague mzizi, chukua wowote. Ngoja ichanue. Ua la jike ni nene, limekaa limebana kwenye shina, na ndani yake utaona kitunda kidogo. La dume ni hereni. Katika kila shimo acha jike mmoja mwenye afya, wengine ng'oa. Ila katika bustani nzima bakiza dume mmoja, bila huyo majike hawatashika.

Nilikuambia sijawahi kukosea tangu nizaliwe. Nilikosea mara kumi na mbili kwa siku moja, na kosa la kumi na tatu nikakupa wewe ulishike.

Umwambie Mama Mkunga au usimwambie, uamuzi ni wako. Mimi uso huo sina.

Mjomba


20 Aprili

Mjomba,

Jirani alikuwa ameshaichukua. Nilikimbia na barua yako mkononi nikiwa na ndala moja. Mbuzi walikuwa wameanza na upande wa kushoto, sita imekwisha. Nimerudi na kumi na minane, kwenye toroli, na jirani ananiuliza kama madume yamekuwa majike njiani.

Nimepanda kama ulivyosema. Minne kila shimo.

Mama alitoka barazani akaniangalia nikichimba. “Jana mmoja, leo minne?”

“Nimebadili mtindo, Mama.”

“Nani kakufundisha?”

“Mjomba.”

“Yuleyule wa mizizi?”

“Yuleyule.”

Akasema, “Basi amekua,” akaingia ndani.

Sikumweleza zaidi, nikaendelea kuchimba. Mjomba, mimi shuleni nilikuwa napigana na watoto waliokuwa wakisema mjomba wako muongo. Meno haya ya mbele moja lililegea kwa ajili yako. Nimempa mama wa watu mkono kwa maneno yako, na chumba changu kiko juu ya maneno hayo. Sasa niambie, katika yote uliyonisimulia tangu nikiwa mtoto, lipi la kweli?

Usiniandikie mpaka ulijue jibu.

Chiriku


16 Juni

Chiriku,

Nimekaa miezi miwili natafuta jibu. Nimepata haya. Bomba ni kweli. Mawe ni kweli. Maganda ya mayai ni kweli. Kwamba ulipozaliwa nilitembea kwa miguu kutwa nzima kuja kukuona ni kweli, na mama yako ni shahidi. Mengine niliyaongezea mbolea.

Kiangazi kimeingia. Mipapai imwagilie asubuhi, mara mbili kwa wiki, maji mengi kwa pamoja, si kidogo kidogo kila siku. Usiache maji yatuame shinani, mzizi utaoza. Bilinganya zikianza kuzaa, kata matawi ya chini.

Hujanijibu, na huna lazima.

Mjomba


28 Septemba

Mjomba,

Shikamoo.

Imechanua.

Niliamka mapema wiki hii yote nikizunguka shimo hadi shimo, na kila asubuhi nilikuwa nakuona wewe na kile kikapu chako. Nikawa nashindwa kukasirika. Shimo la kwanza, majike mawili. La pili, moja. La tatu, matatu! La nne moja, la tano mawili. Maua yale manene, yamebana shinani, na ndani mna kitunda cha kijani kama punje ya njegere. Nilikaa chini kwenye tope.

Na zile suruali zangu sita nilizochagua kwa mzizi? Nne ni madume. Ningeziacha peke yake, saa hizi ningekuwa nafunga mzigo.

Lakini Mjomba, shimo la sita, lile la chini ya dirisha la jikoni. Minne yote imetoa hereni. Dume, dume, dume, dume. Na dau lilikuwa mashimo sita.

Sikuchuma hata ua moja. Nilimwita Mama, nikamwonyesha moja baada ya lingine, na lile la sita nikamwonyesha la mwisho, nikamwambia, “Hili halizai. Na ule ujuzi wa mizizi haukuwa ujuzi, Mama, na mimi nilikupa mkono juu yake. Samahani.” Jina lako sikulitaja. Akaniuliza anwani yako.

Fundi wa vitofali alipita jana, akapima tena kwa futi yake. Mama amesema neno lake atalitoa Jumapili. Nimefua nguo zangu zote, zikihitajika zitakuwa tayari.

Ila nataka ujue, vyovyote itakavyokuwa, barua ya lori ndiyo ilinifikisha hapa. Jino limeshakaza.

Chiriku


5 Oktoba

Kwa Bwana Najua,

Salaam. Mimi si mwandishi, miaka yangu yote nimeandika uzito wa watoto na saa ya kuzaliwa, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Nilikujua tangu Februari. Binti alinisimulia habari ya shati lililopanda paani na maharage. Mtu mwingine mwenye shati hilo hayupo duniani. Na mimi nilikuwepo siku hiyo. Ulilisahau kambani wiki nzima ya mvua, mharage ukalishika mkono, ukaliinua kiasi cha kiganja kimoja. Paani halikufika. Lakini kiganja kile nilikiona kwa macho yangu, na binti nimemwambia hivyo, kwa sababu alikuwa anadhani hakuna hata kiganja.

Basi nilipokubali dau nilijua nashindana na nani. Nilitaka kuona kama utamwacha mtoto wa dada yako atumbukie shimo ulilochimba mwenyewe. Wiki nane nzima za mwanzo niliona utamwacha. Kisha nikamwona anasukuma toroli yenye miche, ndala moja mguuni, analia. Nikasema, ameandika.

Sasa nikuambie lililoniuma. Mipapai kukosa kuzaa si kitu, mimi nimeona makubwa kuliko hayo. Vile vikapu vya maua pia nilikuwa naviona. Dirisha langu lina pazia, halina ukuta. Kila nilipokuuliza “Bado?” nilikuwa nakupa nafasi uniambie. Ulipotoka getini nilijua huendi dukani, kwa sababu chumvi ilikuwepo. Mipapai yako kumi na miwili niliiacha imesimama mwaka mzima, nikingoja aliyeipanda aje kuikata. Mwisho niliikata mwenyewe.

Kuhusu shimo la sita. Binti alisema halizai, akaomba radhi. Nimemwambia alitazame vizuri. Wale watano wanashika tunda kwa sababu ya nani? Tumebakiza dume mmoja pale chini ya dirisha, tumeng'oa wenzake watatu, na tumempa jina Bwana Najua. Hana tunda, anaringa na hereni zake, lakini bila yeye hatuli. Kwangu mimi mashimo sita yote yamefanya kazi. Bustani ni ya binti. Majirani wawili wameshamwita, wa tatu anajivuta kama majike yako.

Kile kitofali sikukirudisha. Kimeshikilia mlango miezi minane, na sasa nimezoea kukiruka.

Kofia yako panya ameanza kuila. Ni haki, uliiahidi mwenyewe. Mkasi uko salama. Njoo uuchukue, na safari hii ukitoka useme kwaheri.

Mama Mkunga


11 Oktoba

Mama Mkunga, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Watu wa bombani wameniuliza kuna nini, na kwa mara ya kwanza nimekosa cha kuwasimulia.

Nitakuja Jumamosi na lori la mboga. Kofia mwachieni panya aimalize. Mkasi nitauomba niutumie kwanza kwenye michongoma ya mbele, upande mmoja tu, halafu nitakaa barazani, nitakunywa chochote nitakachopewa, na nikiondoka nitaaga kila mtu, mpaka huyo aliyesimama chini ya dirisha. Mwambie Chiriku asinipikie, anisubirie getini tu.

Chumvi nitapitia dukani, nitakuletea.

Humu ndani ya bahasha nimeweka mbegu kumi na mbili. Ni za papai nililokula jana, tamu sana. Ukiniuliza zipi dume na zipi jike, sijui.

Mjomba wa Chiriku

Nimesahau: mashati yalikuwa mawili.